Wafadhili wanakuja tena shehiani kwetu, safari hii tuwaulize nini?

Mtoto wa Wingwi

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mawazo yenu na naomba watu wajibu kwa dhati kwa sababu Alkhamis ijayo tuna kikao na mie sheha kanambia "wewe umesoma, wewe ndo utasimama kuuliza masuali". Niko Pemba, wilaya ya Micheweni, shehia sitoitaja.

Mwaka 2014 ulikuja mradi wa maji wa shirika moja la nje, jina nalihifadhi maana nia yangu si kumchafua mtu. Wakachimba kisima, wakatia pampu ya umeme, wakajenga tangi na mifereji (mabomba) sita ya kutekea. Siku ya kufungua wakaja wakubwa, pilau likapikwa, kina mama wakateka maji pale pale huku wanalia, mamangu mmojawapo, maana yeye tangu usichana wake anateka bondeni na ndoo kichwani. Maji yakatoka miaka mitatu na miezi kidogo, khalafu siku moja jioni mota ikaungua na tangu hapo basi. Tukachanga, kila nyumba shilingi 500 kwa mwezi, fundi akaja akasema mota ya aina hii Pemba haipo na Unguja haipo, inaagizwa Ulaya. Tukenda ofisi moja tukaambiwa kisima hiki hakimo kwenye daftari letu kilikuwa cha mradi, tukawatafuta wa mradi tukaambiwa mradi umeshafungwa na kisima walishakabidhiwa wanajamii. Sasa wanajamii ndo sisi, na sisi hatuna mota.

Juzi nilimuomba katibu wa kamati ufunguo wa kibanda cha pampu. Kufuli lilikuwa limeshika kutu tukatia mafuta ya taa mpaka likafunguka. Ndani mchwa wamepanda ukutani mpaka juu ya lile boksi la umeme, na ubavuni mwa boksi kuna karatasi imegandishwa na gundi, imeandikwa kwa penseli namba za Tukuza, zile za umeme wa kununua kabla, alizokuwa akiingiza marehemu mzee wetu aliyekuwa mlinzi, moja chini ya nyengine, ya mwisho ni ya mwezi ule ule mota ilioungua. Nilisimama pale muda mrefu, sikuweza kusema kitu.

Sasa wanakuja wengine, shirika jengine kabisa, wanasema wana mradi wa miaka mitatu. Wallahi sitaki tucheze tena. Nnataka nielewe haya mambo yanavyokwenda: hizi pesa ni msaada wa bure au ni deni tutakuja kulipa, nani anaamua kwamba kwetu kije kisima na si kituo cha afya, kwa nini kila mradi una miaka mitatu au mitano wakishamaliza wanaondoka hata kama kitu hakijakaa sawa, na kubwa zaidi, tuwaulize nini KABLA hawajachimba?

Fundi wa Chake

Yakhe pole sana. Mie nafunga na kutengeneza pampu hapa Chake miaka mingi, hiyo hadithi yako naijua mwanzo mpaka mwisho, nimeshafungua mota za namna hiyo nyingi. Ukiifungua ndani nyaya zimekuwa nyeusi kama makaa na harufu ya vanishi iliyoungua inabaki mkononi mpaka usiku hata ukaoge na sabuni.

Sababu mara nyingi ni hii. Huko kwenu laini ya umeme ni ndefu nyinyi mko mwisho, jioni watu wakiwasha kila kitu umeme unashuka, mota ikipata umeme mdogo haipumziki, inavuta ampea nyingi zaidi ili izunguke, inapata moto, inaungua. Kuna kifaa cha kinga kinaizima mota umeme ukishuka na kingine kinaizima maji yakipungua kisimani isizunguke kavu. Ni vifaa vya bei ndogo ukilinganisha na mota yenyewe lakini mara nyingi hukuti, kwa sababu aliyeandika orodha ya manunuzi hajawahi kukaa Micheweni saa mbili usiku.

Kwa hiyo suali langu la kwanza ungelikuwa wewe ni la aina ya pampu. Waambie mnataka pampu ambayo vipuri vyake viko madukani Dar na Unguja, na mota ya pili ya akiba iwepo stoo tangu siku ya makabidhiano, sio ahadi. La pili wafundishwe vijana wawili au watatu, na mmoja awe mwanamke aliyeolewa hapo hapo, maana kijana mmoja ukimfundisha mwaka huu mwakani keshahamia Unguja kwenye mahoteli (simlaumu, anatafuta riziki). La tatu wapime maji kabla hawajajenga tangi. Kisiwa chetu ukichimba karibu na pwani ukavuta maji mengi kuliko yanayoingia, chumvi inapanda, na chumvi ikishapanda haina fundi.

Na usiwatupe wale wa zamani. Kama kisima chenyewe hakijaporomoka na maji yapo basi tatizo lenu ni mota tu. Nitumie picha ya kile kibati cha mota.

Maalim Mstaafu

Wa alaykum salaam kijana wangu. Mie nilifanya kazi ya mipango serikalini mpaka kustaafu, nimekaa kwenye vikao vya wafadhili vingi, nitakueleza nnavyojua, utaniwia radhi kama nitarefusha.

Neno "wafadhili" linawachanganya watu kwa sababu limebeba vitu vitatu tofauti. Kuna mashirika ya mataifa mengi kwa pamoja, kama Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, UNICEF, na IFAD ambao ni mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa. Kuna la nchi moja, Wajapani wana JICA, Wanorwei wana NORAD. Na kuna taasisi binafsi, mfano Aga Khan ambao waliitengeneza upya Forodhani ikafunguliwa 2009. Kila mmoja ana pesa ya aina yake na masharti yake, kwa hiyo suali lako la "bure au deni" jawabu lake ni: inategemea nani kaja.

Benki ya Dunia ina mfuko wake wa nchi maskini unaitwa IDA, ulianzishwa 1960. Nchi tajiri zinachangia mfuko huo kila baada ya miaka mitatu, na pesa zinazorudishwa na waliokopa zinaingia humo humo tena. Nchi zenye hatari kubwa ya kuelemewa na madeni zinapewa ruzuku, nyengine zinakopeshwa. Zamani mkopo wa kawaida wa IDA ulikuwa wa miaka 40, miaka 10 ya mwanzo hulipi kitu, na badala ya riba ilikuwa ada ya asilimia 0.75 tu. Siku hizi muda umepungua lakini bado ni mkopo mwepesi mno, hakuna benki ya biashara itakayokupa. Ila ni deni. Mradi wa huduma za mjini, ZUSP, uliopitishwa 2011 kwa dola milioni 38, ulikuwa mkopo. Mradi mwengine wa Benki hiyo hiyo, BIG-Z wa 2021 wa dola milioni 150, mkopo. Na Zanzibar peke yake haikopi nje, unapita kwa serikali ya Muungano ndiyo inayotia saini, halafu pesa zinaletwa kwetu. Soko na diko la samaki la Malindi, huo ulikuwa msaada wa Japani, hatudaiwi, lakini msaada wa namna ile kwa kawaida mkandarasi anatoka kwao. Na mkopo wa India wa 2016 wa dola milioni 92 kwa maji ya Unguja, mikopo ile ya India inataka sehemu kubwa ya vifaa na kazi itoke India. Hayo hayafichwi, yameandikwa kwenye mikataba. Ila mwananchi hasomi mkataba, anaona bomba.

Sasa kwa nini wanaondoka. Hapa kijana wangu nisikilize vizuri maana hapa ndo pana ugonjwa. Pesa ya mradi inapitishwa na bodi au bunge la mbali kwa miaka maalumu na ina tarehe ya kufunga. Ikishapita tarehe ile, pesa isiyotumika inarudi ilikotoka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza unakwenda kwenye zabuni na semina, wa pili ndo mkandarasi anaingia, wa tatu kila mtu anakimbia kumaliza. Msimamizi wa mradi anapimwa kwa pesa aliyotoa na visima alivyochimba, hapimwi kwa maji yanayotoka mwaka wa sita, kwa sababu mwaka wa sita yeye hayupo na ripoti yake ilishafungwa. Na pesa yenyewe mara nyingi ni ya kujenga tu, ya kuendesha inaachiwa serikali au "jamii". Mwaka 2005 nchi tajiri na maskini walikutana Paris wakakubaliana misaada ifuate mipango ya nchi yenyewe na ipite kwenye taratibu zetu, badala ya kila mfadhili kuja na ofisi yake na gari lake na daftari lake. Kiasi fulani yalifanyika, kiasi kikubwa kilibaki karatasini, nasema hivi kwa uchungu kwa sababu niliamini sana wakati ule.

Lakini nikupe na mfano wa pili ili usikate tamaa. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga mpaka Wesha hapa Pemba, 2010, kwa msaada wa Norwei. Watu wa umri wangu wanakumbuka Pemba ya majenereta ya Wesha, dizeli ikichelewa kisiwa kizima kiza. Waya ule mpaka leo unafanya kazi na Wanorwei hawapo pale kuulinda. Sababu ni kwamba siku ile ile ulipowashwa ulikuwa na mwenyewe, ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, mwenye mafundi wa mishahara na mwenye kukusanya pesa kila mtu anaponunua umeme. Kisima chenu hakikuwa na mwenyewe. Kamati ya kujitolea ya watu wanane wenye mashamba yao na bahari yao si mwenyewe, ni watu wema walioachiwa mzigo.

Waulize hivyo hivyo: siku mkiondoka hiki kitu kitaandikwa kwenye daftari la ofisi gani, na pesa ya kukitunza itatoka fungu gani? Na walete barua ya ofisi hiyo kabla hawajachimba. Kama hawana jawabu, wapeni muda wakalitafute.

Bi Mkubwa wa Mwani

Nimesoma yote. Maalim shikamoo, umesema kweli tupu. Mie ni mkulima wa mwani, niko pwani tangu mwani ulipoanza kulimwa hapa kwetu mwishoni mwa miaka ya 80, kabla ya hapo mwanamke wa huku pesa yake mwenyewe alikuwa haijui labda ya kuchuma karafuu msimu ukiwa mzuri. Mwani ndo umenisomeshea wanangu.

Sisi kikundi chetu tumeshapitiwa na miradi si mmoja si miwili. Mmoja walituletea mashine ya kusaga mwani tutengeneze sabuni. Mashine nzuri ya chuma, nzito, wanaume sita waliibeba. Ikafika ndo tukajua inataka umeme wa njia tatu na banda letu lina wa njia moja. Hakuna aliyetuuliza. Tukaifunika turubai tukidhani watarudi. Mpaka leo tunaanikia juu yake.

Lakini nlotaka kumwambia mwanangu wa Wingwi ni jambo jengine, dogo, nyinyi wanaume hamliwazi. Hicho kikao cha Alkhamis ni saa ngapi? Maana hawa watu wakija hupenda saa nne asubuhi wamalize warudi kupanda boti, na zikiwa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa nne asubuhi maji ndo yamekupwa na sisi wanawake wote tuko baharini tunafunga mbegu, hatuwezi kuacha, bamvua haikungoji. Basi wanakuta wanaume barazani wanaandika "jamii imeshirikishwa" na wanaoteka maji hawakuwepo. Tazama mwezi. Kama ni bamvua muombe sheha kikao kiwe baada ya alasiri.

Na si kila kitu kibaya, nisiwadhulumu watu. Ile programu ya IFAD ya shamba darasa nliifurahia mno, kwa sababu aliyekuwa akitufundisha hatimae alikuwa mkulima mwenzetu, tunakutana shambani kwake wiki baada ya wiki tunatazama mpunga huu umekuwaje na ule umekuwaje, tunabishana, tunacheka. Mradi ulikwisha lakini jirani yangu hakwisha, nikiwa na shida ya migomba nampigia simu mpaka leo. Semina ya siku tatu hotelini na fulana mie hata sikumbuki ilihusu nini.

Kijana wa Ng'ambo

Samahanini wakubwa zangu mie nitakuwa tofauti kidogo. Kwa nini tunajadili namna ya kuuliza badala ya kujadili namna ya kuacha kuomba?? Tuna karafuu, tuna utalii, tuna bahari, tuna ndugu zetu Oman na Uingereza wanaotuma pesa, tuna zaka. Kila mwaka tunasubiri mtu wa nje aje atuchimbie kisima. Na anayekupa anaweza kukunyima wakati wowote. Mie nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kile kiza cha Unguja cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, waya wa zamani uliungua, mama alikuwa anauza barafu na biashara ikafa pale pale. Waya mpya kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba wa megawati 100 tukaletewa na Wamarekani kupitia MCC, shirika lao moja la misaada, ulikuwa ndani ya ule mkataba wa 2008 wa dola milioni 698 wa Tanzania nzima, ukawashwa 2013, sikatai ulitusaidia mno. Lakini awamu ya pili, Machi 2016, bodi yao ikakaa Washington ikasimamisha kwa sababu ya mambo ya uchaguzi wetu na ile sheria ya makosa ya mtandao, dola milioni 472 zikaondoka siku moja. Mie sisemi nani alikuwa na haki katika siasa zile, hapa sipo kwa hayo, nnachosema ni kwamba bibi wa kijijini aliyekuwa angojee nguzo ya umeme hakupiga kura ndani ya bodi ile.

Na hata kitu tukishapewa hatukitunzi. Mitaro mikubwa ya maji ya mvua iliyojengwa huku Ng'ambo ya mji wa Unguja imetuokoa, mtaani kwetu zamani masika tulikuwa tunatoa magodoro nje na maji yanafika magotini ndani ya chumba. Sasa nenda ukatazame watu wanatia taka ndani ya mtaro, mapampasi, chupa, mpaka sofa. Ule ni mkopo tunaulipa sisi na watoto wetu. Vijana wa mtaa tulianza kusafisha wenyewe kila Jumapili, tulikuwa 30 sasa tumebaki 9, nyote mlioko mjini nawaombeni njooni.

Nesi Mwanapwani

Kijana wa Ng'ambo Mungu akuzidishie kwa hiyo kazi ya Jumapili, nimeipenda. Lakini mwanangu neno "kuacha kuomba" nakuomba uliseme polepole mbele ya mtu aliyefanya kazi wodi ya watoto miaka ya 90.

Mie nilikuwa nesi kijana. Msimu wa mvua kitanda kimoja watoto watatu, wengine chini kwenye mikeka, wote homa, wote damu imepungua, na dawa ya klorokwini tuliyokuwa tunawapa ilikuwa imeshashindwa na vijidudu. Niliwafunga watoto sanda kwa mikono yangu, sitaki kueleza zaidi. Mwaka 2003 Zanzibar ikabadilisha dawa ikaja ile ya mseto, bure. Kuanzia 2006 vyandarua vya dawa na kupulizia majumbani, pesa nyingi kutoka mfuko wa dunia wa Global Fund na mpango wa malaria wa Marekani. Ndani ya miaka michache watu wenye vimelea wakawa chini ya asilimia 1. Wodi ile ile nikaja kuikuta usiku ina watoto wawili tu, mmoja kavunjika mkono. Hayo yalifanyika kwa pesa ya nje na kwa watu wetu wenyewe, maana aliyepulizia dawa nyumba kwa nyumba na pampu mgongoni kwenye jua lile ni kijana wa shehia, na waliokuwa wanamfuata mgonjwa nyumbani kwake kuwapima na majirani ni wafanyakazi wetu wa afya. Na maabara ya Ivo de Carneri hapa Pemba iliyofunguliwa 2000 kwa msaada wa Wataliana, wanaofanya utafiti wa kichocho na minyoo mle ndani wengi ni vijana wa Kipemba.

Ila una haki kwenye hofu yako. Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada na Julai 1 mwaka ule ule USAID, shirika lao kubwa la misaada, ikafungwa kabisa. Malaria haikumalizika, mbu wapo, boti zinaingia kila siku kutoka bara, tukilegea mwaka mmoja inarudi na watoto wetu wa sasa hawana hata ile kinga ndogo ya mwili tuliyokuwa nayo sisi. Kwa hiyo mie ningemwambia wa Wingwi: muulize mgeni kwa heshima, nyinyi mkiitwa kwenu kesho asubuhi mkaambiwa pesa hakuna, kazi itafika wapi? Wajenge kwa namna ambayo hata wakikatishwa mwaka wa pili kitakachokuwepo kinatoa maji. Mifereji miwili inayotoa leo kuliko sita ya mwaka wa tatu.

Maalim Mstaafu

Nesi umenikumbusha kitu. Kijana, kama mradi ni wa Benki ya Dunia, hati yake ya mradi inawekwa kwenye tovuti yao kila mtu asome, tangu 2010 sera yao ni kuweka wazi isipokuwa vitu vichache. Humo utakuta bajeti, muda, tarehe ya kufunga, na nani atakabidhiwa. Na wana jopo la ukaguzi tangu 1993, watu wawili au zaidi wanaoishi eneo la mradi wakiumizwa na mradi wanaweza kupeleka malalamiko yao wenyewe. Mashirika mengine nayo yana njia zao za malalamiko, ulizeni ni ipi, na liulizwe mbele ya watu wote sio pembeni. Mkubwa wa mradi hakasiriki kwa suali hilo, akikasirika mmeshapata jawabu.

Mtoto wa Wingwi

Nimerudi. Nawashukuru nyote, kila mmoja kwa jina lake, na naomba radhi nimekawia.

Bi Mkubwa Mungu akupe umri. Nilitazama mwezi, Alkhamis ilikuwa bamvua haswa. Sheha mwanzo alisita akisema wageni wana boti, nikamwambia basi walale, wakalala Wete. Kikao kikawa baada ya alasiri chini ya muembe wa skuli na kina mama walijaa mpaka watoto wakafukuzwa kwenye mkeka wapate nafasi. Kikao cha 2014 nimetazama kwenye daftari, wanawake walioandikwa walikuwa wanne.

Waliokuja ni dada mmoja Mzanzibari ndo msimamizi, na mgeni mmoja Mzungu ambaye alikaa kimya akisikiliza anatafsiriwa. Ni msaada, sio mkopo, wa miaka mitatu. Mie niliuliza la Maalim kwanza, hiki kitu kitaandikwa daftari gani. Dada yule hakuficha, akasema kwenye mpango wao imeandikwa "kamati ya jamii". Pakawa kimya. Khalafu mamangu, ambaye hajawahi kusimama kwenye kikao chochote maisha yake, akasimama akasema "kamati ya jamii ndo sisi mwanangu, na ufunguo tunao, twendeni mkaone". Tukenda wote pamoja, watu zaidi ya mia, kwenye kibanda. Akaingia dada yule peke yake na tochi ya simu maana hapaingii watu wengi. Alipotoka alikuwa ananyanyua ile karatasi ya penseli kwa vidole viwili kama kitu kitakachokatika, akamuonesha mgeni wake, wakazungumza kwao muda.

Mota ya akiba haikuwemo kwenye bajeti yao. Kinga ya umeme mdogo haikuwemo. Kasema atarudi kwa wakubwa wake na barua ya ofisi itakayokichukua kisima, na hawatochimba kabla ya barua hiyo. Katibu akamuomba aandike maneno hayo kwenye daftari letu la michango na atie saini, akaandika, tarehe na namba ya simu. Hatujui itakuwaje. Kijana wa Ng'ambo, lile lako la kuacha kuomba nililifikisha pia, na wazee wamekubali zile shilingi 500 zirudi kuanzia mwezi huu, mota ije isije.

Fundi wa Chake alikuja mwenyewe Jumamosi na pikipiki yake, hakutaka hata nauli. Aliteremsha kamba yenye jiwe kwenye kisima cha zamani, tukaivuta, ikatoka imelowa mita 11. Akayaonja, akampa na katibu akayaonja. Hayana chumvi.

Mota yenyewe anasema ni ya hospawa tatu. Mwenye kujua bei ya Dar kwa sasa, na duka lenye vipuri, naomba aniandikie hapa.